Msumari wa Luofu

Siku ile, katika chumba kikubwa cha biro yetu, yaani ofisi, kule Bulengera, walikuwepo hawa: Profesa Kasereka, mkubwa wa kazi, Sadiki wa Beni, dereva wetu, Mama Kyakimwa, mfinyanzi wa hapo hapo Bulengera, Mwalimu Muhindo aliyetoka Lubero, Mama Katungu wa Musienene, Hadji Amuri wa Beni, mfanyabiashara wa mbao, Mzee Paluku wa Luofu, aliyesafiri siku mbili akiwa amevaa koti la harusi yake, na mimi, Masika, niliyesimama karibu na mlango kwa sababu nilikuwa nimeshafikiria kukimbia. Kiti cha mjumbe wa Eringeti kilikuwa kitupu. Barabara ya kule ilikuwa imefungwa wiki ile. Kiandikeni na hicho kiti.

Naanza na majina kwa sababu kazi yetu yote ilikuwa hiyo: nani alikuwepo, nani alikutana na nani, na nani tunamkosa kwenye orodha kwa sababu hatukufika kwake. Tofauti ni kwamba watu tuliowatafuta sisi walikufa zamani sana, kabla ya barabara, kabla ya misheni, kabla ya mtu yeyote kuandika jina la mwenzake. Walituachia vipande vya vyungu. Hivyo ndivyo vigae, na mimi nimeviosha zaidi ya miaka ishirini.

Mmeniomba, ninyi mnaobaki, niandike jinsi kazi ilivyokuwa. Nimestaafu mwezi uliopita, magoti yangu yalistaafu kabla yangu, na kaye hii, daftari mlilonipa, ina karatasi nyingi. Sitaandika habari za vyeo. Nitaandika mambo ambayo hayako kwenye faili.

Mimi ni mzaliwa wa kwanza, jina langu mwenyewe linasema hivyo kwa kila Munande, mtu wa kabila letu, anayelisikia. Baba alikufa, Mama akamfuata mwaka huo huo, na nikaacha shule nikiwa mwaka wa pili wa sekondari, nikabaki na wadogo wanne na sufuria moja. Mtu akiniuliza nilisoma nini, nasema nilisoma kugawa. Bugali moja, sahani tano, na macho manane yanayokutazama mkono. Nilijua kukata bila kipimo na kila mtoto akaamini kwamba mwenzake ndiye aliyepunjwa, na nyumbani haki haiwezi kukaribia zaidi ya hapo. Ujuzi huo ulinisaidia maishani. Ulikaribia pia kunifukuzisha kazi, na ndiyo habari yenyewe.

Nilipoanza, nilikuwa naosha vyombo katika mkahawa mdogo karibu na biro. Profesa Kasereka alikuwa anakula pale sombe, majani ya muhogo, na maharage, kila siku mahali pale pale, na kila siku alilalamika kwamba hana mtu wa kuosha vigae vyake. Siku moja akaja na ndoo imejaa udongo na vipande.

"Mama, unaweza kunioshea hivi?"

"Prof, mi ninaoshaka masufuria ya askari. Hivi si kitu."

Nikaviosha. Nilitumia majivu na mchanga, halafu nikamalizia kwa waya wa chuma. Vilitoka vinang'aa, laini kama yai. Nikavipanga kwenye sinia na nikamletea nikiwa najivuna. Profesa alishika kimoja, akakigeuza, akashika kingine.

"Masika, maua yake iko wapi?"

"Maua gani?"

"Ilikuwa na alama. Mistari. Batu bale balichora mistari."

"Ile ilikuwa mistari? Mi niliona ni uchafu, Prof."

Alikaa chini. Nilikuwa nimefuta kazi ya bibi fulani wa zamani kwa dakika tano. Nilingoja anitukane. Badala yake akacheka hadi akakohoa, akasema mtu anayeweza kusugua namna ile akifundishwa kuacha kusugua atakuwa hodari. Kesho yake nilianza kazi, na chombo cha kwanza alichonipa kilikuwa mswaki laini wa mtoto.

Basi sikilizeni ya vyombo. Mswaki wa mtoto, maji baridi, hakuna sabuni. Kausha kivulini, usikaushe juani, kigae cha zamani hupasuka. Usioshe vigae vya sehemu mbili katika beseni moja hata kama una haraka. Kikishakauka, paka tone la verni ya kucha, ile isiyo na rangi, ngoja ikauke, andika namba kwa wino mweusi, kisha paka verni tena juu. Bila verni wino huingia kwenye udongo na kupotea. Muuza vipodozi wa sokoni aliniuliza mwaka mzima ni bwana gani huyu ananinunulia verni chupa kumi kila mara wakati kucha zangu ziko vile. Nikamwambia ni bwana mzee sana. Hakuuliza umri.

Kuosha alinifundisha Profesa, lakini kuona alinifundisha Mama Kyakimwa. Alikuwa anafinyanga vyungu nyumbani kwake, dakika kumi kwa mguu kutoka biro, na alipokuja mara ya kwanza aliangalia meza zetu kama mtu anayeangalia mazishi ya ndugu. Alinifunga macho kwa kitambaa.

"Gusa. Sema."

"Mistari, mama."

"Mistari ya nini? Sema mbio, mutoto wangu, hapana kulala."

Ilinichukua miezi. Alama iliyotengenezwa kwa kuviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi ina meno ya mshazari. Ya kamba iliyopigwa mafundo ina vitone vinavyorudi kila baada ya kidole kimoja. Ya kitana cha mti ni safi kama maandishi ya padri. Halafu alinifundisha kuvunja pembe ndogo na kuangalia ndani: udongo wa bondeni una punje zinazometa, wa mlimani ni mwekundu na mzito. Wakati mwingine aliulamba. Mimi nililamba mara moja, mbele ya Sadiki, na kwa miaka mingi kila tukipita dukani alikuwa ananiuliza, akiniita yaya kama dada yake mkubwa: "Yaya Masika, nikununulie biskuti ao kigae?"

Sasa, mtandao, yaani picha ya nani alikutana na nani. Ninyi mnauona kwenye kompyuta, unazunguka kwa rangi. Sisi tulianza na ubao, misumari na nyuzi za sufu nilizofumua kwenye sweta ya mdogo wangu. Kompyuta ilikuwepo, lakini umeme ulikuja kama mgeni asiyependa nyumba yetu, na sweta haikuhitaji umeme.

Profesa alipigilia misumari sita, kila mmoja sehemu moja iliyotupa vigae: kusini Luofu, kisha Lubero, Musienene, Bulengera, Beni, na juu kabisa Eringeti. Kila aina ya alama ina jina na herufi. Ukikuta alama moja adimu katika sehemu mbili, unafunga uzi kati ya misumari hiyo miwili. Alama tatu za pamoja, nyuzi tatu. Kamba ya kawaida yenye meno ya mshazari hatukuihesabu kwa sababu ipo kila mahali, na kuitumia ni kama kusema watu wawili ni ndugu kwa sababu wote wanakula bugali. Baada ya hapo unasimama nyuma na kutazama. Ni nani ana nyuzi nyingi? Ni nani amekaa katikati, hata ukimng'oa wengine hawafikiani?

Hapo ndipo nilipoelewa mara moja, na Profesa alishangaa. Nilimwambia nyumbani kwetu msumari huo ni mimi. Wadogo zangu wawili waliwahi kununiana miezi minne, na kila neno lilipita kwangu: mwambie alete jembe, mwambie aje achukue. Ningelala hospitali wiki moja, jembe lingeozea pale lilipo.

"Njo vile kabisa," akasema Profesa. "Batu ba zamani pia balikuwa na Masika wao. Tunatafuta uyo."

Mama Kyakimwa aliweka mpaka wake mapema. Profesa alikuwa anasema "biashara, biashara" kila uzi ukifungwa.

"Biashara gani?" akauliza mama. "Mimi nilitoka kwetu Musienene, niliolewa hapa. Sikubeba hata chungu moja. Nilibeba mikono. Leo chungu yangu ya hapa inafanana na ya mama yangu ya kule. Wewe utasema kuliuzwa nini?"

Profesa alifuta neno "biashara" kwenye ubao akaandika "kukutana". Liko hivyo mpaka leo. Msilibadilishe.

Mwaka wa tatu wa kazi, Profesa akaamua kuita wajumbe kutoka sehemu zote sita waje waone ubao, kwa sababu vigae vilitoka katika mashamba yao na ilikuwa haki yao kujua vinasema nini. Sadiki alizunguka wiki kadhaa akikusanya magunia ya mwisho. Lubero ilituma gunia zima. Beni, gunia na nusu. Eringeti ilituma ndoo, kwa mkono wa dereva wa lori. Kutoka Luofu, Sadiki alileta mfuko mdogo wa plastiki uliofungwa vizuri sana, ndani yake vigae vitatu, na ujumbe wa Mzee Paluku ambao aliurudia kwa kuigiza hata sauti:

"Sema kwa Profesa: sisi batu ba Luofu pia tulikuwaka batu."

Nikaosha vyote. Nikatandaza masinia sita makubwa, yote sawa, kwenye meza ndefu ambapo wajumbe wangepita. Sinia la Beni lilifurika. Vya Lubero vilipandiana. Na kule mwisho, sinia la Luofu: vitatu, vimelala katikati ya bati tupu.

Nililiangalia sinia lile asubuhi nzima. Nawaambia kweli, sijawahi kuweza kuvumilia sahani tupu mezani wakati nyingine zimejaa. Mikono yangu ilikuwa na mazoea ya miaka mingi na haikuniuliza. Nikachukua kimoja hapa, vitatu pale, kutoka kila sinia, vile vizuri vizuri, maana unapomgawia mtoto mdogo humpi ukoko. Jumla vilikuwa kumi na viwili. Nikavipanga kwenye sinia la Luofu, nikasogeza hiki na kile mpaka likapendeza. Halafu, kwa sababu nilikuwa mfanyakazi mwaminifu, nikapaka verni na kuandika namba za Luofu kwenye vyote, kwa mwandiko wangu bora.

Sikuona kosa. Hili ndilo nataka mlielewe. Nilikwenda nyumbani na moyo mweupe.

Wiki iliyofuata Profesa na mimi tukahesabu alama na kufunga nyuzi. Nilikuwa namshikia sufu. Uzi wa kwanza, Lubero na Luofu. Wa pili, Beni na Luofu. Musienene na Luofu. Eringeti na Luofu! Kila nilichokata kilikwenda kwenye msumari ule ule, mpaka haukuonekana tena, umekuwa kama kichwa cha mwanamke aliyesukwa vibaya. Profesa alirudi nyuma hatua tatu akagonga kabati.

"Masika. Unaona?"

Nilikuwa naona.

"Vigae kidogo, lakini ya kila mahali! Hapa hapakuwa kijiji tu. Hapa batu bote balikuwa banakutana. Luofu njo ilikuwa katikati!"

Sinia lililopata kidogo kutoka kwa kila mtu. Sadaka yangu ilikuwa imegeuka mji mkuu.

Mngesema nini ninyi? Mimi nilisema, "Iko vizuri, Prof." Kitinda mimba wetu alikuwa amebakiza miezi michache kumaliza sekondari, wa kwanza katika nyumba yetu kufika hapo, na nilijua mtu aliyechanganya vigae hana kazi kesho. Nikakaa kimya. Profesa akaandika kurasa ishirini, akasema siku ya wajumbe akishawasomea, kesho yake atazituma kwa wenzake wa nchi nyingine wazichape. Kila alipopita mezani pangu alinishukuru kwa kazi safi. Nilipungua uzito. Sadiki akauliza kama nimeanza kula biskuti badala ya vigae.

Mwishowe zilibaki siku tatu za kusema kabla ya wajumbe kufika, na siku zote tatu nilifua mapazia ya biro.

Tumerudi sasa katika chumba kile, kwa watu wale niliowataja. Chai ilikuwa mezani. Profesa alikuwa amevaa tai. Akaeleza misumari, akaeleza nyuzi, wajumbe wakainamia ubao, kila mmoja akitafuta kwao kwanza kama watu wanavyofanya kwenye picha ya harusi.

"Donc, bazee na bamama," akasema Profesa, "musumari uyu wenye nyuzi mingi kupita yote, uyu ni Luofu."

Mzee Paluku akasimama polepole. Akafunga kifungo cha koti. Akautazama ule msumari. Nikafikiria jinsi atakavyorudi nyumbani, siku mbili njiani, na watu watakaomngoja, na yale atakayowaambia watoto wa watoto wake, yote yamejengwa na mikono yangu asubuhi moja mbele ya masinia.

"Prof," nikasema kutoka mlangoni, "si Luofu. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi nilitia vile vigae. Sinia yao ilikuwa tupu. Nikachukua kwa wengine, nikawagawia."

Mama Katungu alishikilia kikombe hewani. Profesa alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena, kama vile aliyesema maneno yale angekuwa mtu mwingine.

"Uliwagawia."

"Ndiyo, Prof. Kumi na viwili."

"Juu ya nini, Masika? Juu ya nini?"

"Vilikuwa vitatu tu. Niliona haya kwa ajili yao."

Hadji Amuri ndiye aliyecheka kwanza, akijipiga paja. "Kumbe Beni ililisha Luofu! Na hatukuambiwa hata asante!"

"Luofu hatukuombaka," akasema Mzee Paluku. Alikuwa amesimama bado. Akanigeukia. "Binti yangu, nani alikuambia tuko na njala?"

Nikatazama lile sinia. Mzee akaendelea:

"Vigae yetu ilikuwa tatu. Tatu ni hesabu, hapana haya. Niliifunga vizuri ile mufuko, sivyo? Nilijua ni tatu wakati nilikuwa nafunga."

Nimesemwa na wengi maishani: wenye nyumba, makarani, walimu wa wadogo zangu. Hakuna aliyenisema kwa upole ule, na hakuna neno lililoniingia kama lile. Nilikuwa nimemhurumia mtu ambaye hakuhitaji huruma yangu, nikamnyang'anya vitatu vyake vya kweli na kumpa kumi na vitano vya uongo.

Nilikwenda kuchukua mfuko wangu. Mama Kyakimwa akanizuia kwa mkono bila hata kunitazama.

"Unaenda wapi? Leta hiyo sinia."

Akaketi, akaweka sinia la Luofu mapajani. "Wenye udongo yao ni hawa hapa. Wakati gani tena tutabapata pamoja? Kila mutu akuje achukue mutoto wake."

Na ndivyo ilivyokuwa. Ninyi mna mashine za kuchungulia punje, na nasikia kule ng'ambo kuna kubwa zaidi, lakini siku ile tulikuwa na watu waliolima udongo wao tangu utotoni. Profesa, naye, alivua tai na kuketi chini sakafuni. Tulivunja pembe ndogo ndogo, tukalowesha, tukasugua kwenye karatasi nyeupe kuona rangi. Mwalimu Muhindo alitoa vitatu vyake vya Lubero kama anasahihisha mtihani. Mama Katungu vitatu, na aligombania cha nne mpaka Mama Kyakimwa akamwonyesha zile punje. Bulengera viwili. Hadji Amuri vitatu, akavihesabu mara mbili, akaniambia, "Ukirudia kutugawa, tuulize kwanza bei." Kumi na moja vilikwenda kwao.

Vikabaki vinne. Mzee Paluku alitambua viwili papo hapo, vilitoka shambani kwake mwenyewe. Kile cha tatu cha Luofu kilichimbwa na jirani yake, na yeye alikifunga bila kukiangalia sana. Kwa hiyo mkononi tukawa na viwili, kimoja cha Luofu na kimoja cha Eringeti, na hakuna aliyeweza kusema kipi ni kipi. Mimi niliyevishika vyote sikukumbuka. Mikono inayogawa haraka haikumbuki.

Mngesema si kitu, kigae kimoja. Lakini kimoja kati ya hivyo kilikuwa kitupu, hakina alama. Kingine kilikuwa na kamba ya mafundo, adimu, na alama hiyo hiyo ipo Lubero. Kama hicho ni cha Luofu, basi Luofu ina uzi, mmoja, mwembamba, wa kweli, na watu wa kule walikutana na wenzao. Kama ni cha Eringeti, basi uzi ule unakwenda kaskazini, na msumari wa Luofu unabaki peke yake.

"Sijakanyaga udongo ya Luofu, sijakanyaga ya Eringeti," akasema Mama Kyakimwa. "Siwezi kudanganya."

Sote tukatazama kile kiti kitupu.

Profesa alifumua nyuzi zote za Luofu mbele ya wajumbe, polepole, akiuviringisha kila mmoja kwenye kidole. Akafunga upya zile za haki. Ubao ukawa mkavu, mzuri, bila mji mkuu. Mwishoni akachukua uzi mmoja, akafunga ncha moja kwenye msumari wa Lubero, na ncha ya pili akaiacha ikining'inia.

Mzee Paluku akaja hadi nilipokuwa, akafungua kifungo cha koti. Nilidhani sasa ndipo atanilaani.

"Uzi yangu," akasema, "wewe njo utanilipa. Kama iko, unaniletea. Kama haiko, unakuja kuniambia mu macho. Lakini ya kweli."

"Nitalipa, mzee."

"Wasingya," akanishukuru kwa Kinande, akaenda kumalizia chai.

Walipoondoka nilingoja kufukuzwa. Profesa alikuwa anararua kurasa zake ishirini, moja moja, bila hasira, kama mtu anayemenya viazi. Mwishowe akasema: "Masika, kigae haisikiake njala." Sadiki alianguka kwa kicheko. Siku iliyofuata Profesa alinipa kaye kubwa yenye mistari na kusema tangu leo hakuna kipande kitakachotoka sinia moja kwenda jingine bila mimi kuandika. Mwizi wa kuku akapewa funguo za banda. Kaye hizo sasa ni arobaini na moja, ziko kabatini, rafu ya chini. Zisogezeni mbali na ukuta, unalia maji wakati wa mvua.

Kutoka hapo kazi ilikuwa ndefu na nzuri, na ninyi mnajua mengi yake. Misumari iliongezeka. Kompyuta ikashinda sweta. Nilijifunza kwamba kuna ziro mbili, na nimegombana na kila kijana aliyeingia biro yetu juu yake: ziro ya kwanza ni pale tulipofika, tukachimba, tukakosa. Ya pili ni pale ambapo hatukufika. Ziandikeni tofauti. Mara ngapi nimeona mtandao mzuri ambao nusu ya upweke wake ulitokana na barabara mbaya ya siku hizi, si na watu wa zamani.

Mdogo wangu wa mwisho alimaliza sekondari. Mama Kyakimwa alifariki akiwa na udongo chini ya kucha. Profesa Kasereka alikwenda kuishi kwa binti yake, na akinipigia simu huuliza kwanza habari za kabati.

Na deni langu? Nimelifuata. Mzee Paluku alinitumia udongo wa Luofu katika kopo la maziwa, nikausugua na vile vigae viwili mpaka karatasi zikaisha. Unafanana na vyote viwili kidogo, na bila udongo wa Eringeti wa kulinganisha huwezi kusema kitu. Mara tatu Sadiki na mimi tulipanga safari ya kule. Mara mbili tuliishia Beni, tukaambiwa turudi. Mara ya tatu alifika peke yake, akaleta gunia zima la udongo, akitokwa na jasho la furaha. Ulikuwa udongo wa matofali ya kando ya barabara. Shimo la wafinyanzi ni jingine, karibu na mto, na wanaolijua ni mabibi ambao vita iliwatawanya.

Mmoja wao nimempata mwaka huu. Anaishi kwa jamaa zake Beni, anauza ndizi, na simu yangu haikumvutia hata kidogo nilipomwonyesha picha za vigae. Aliisukuma kando.

"Hiyo ni kioo, hapana udongo. Siku barabara itakuwa muzuri, nitakupeleka kwa mukono. Nitakuonyesha fasi yenyewe."

"Nichoree tu njia, mama. Nitatuma mtu."

"Nikuchoree? Ile shimo nilionyeshwa kwa mukono na mama yangu. We pia utaonyeshwa kwa mukono."

Basi nangoja. Sadiki naye ameacha kuendesha, lakini anasema kwa safari hiyo moja ataazima gari. Mzee Paluku ana miaka zaidi ya themanini. Hupiga simu mwanzo wa kila mwezi, na hajawahi kusema jambo lolote kabla ya hili.

"Masika! Uzi yangu?"

"Bado, mzee."

"Sawa. Mi ninachelewesha kufa juu yako. Fanya mbio kidogo."

Nilipowakabidhi funguo mwezi uliopita, niliwapa kila kitu isipokuwa vigae viwili, vilivyo nyumbani kwangu katika kopo lile lile la maziwa, vimeandikwa kwenye kaye ya arobaini na moja, ukurasa wa mwisho, kwamba vimetoka na nani amevichukua. Ule ubao wa kwanza msiutupe, hata kama chumba ni kidogo. Na yule kijana anayefagia mwambieni asikate uzi unaoning'inia pale Lubero, akidhani umesahauliwa. Haujasahauliwa. Msumari wa Luofu bado ni mtupu, nami bado sijalipa.